Buti za Mlangoni

Mtaa ule ulikuwa na ulinzi wa kila namna. Kulikuwa na wenye mbwa, wenye kengele za getini, wenye kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto, na kulikuwa na bwana mmoja aliyefunga kamera, nayo kamera ikampiga picha nzuri kabisa mwizi aliyekuja kuiiba. Lakini sikukuu ilipokaribia na watu wakaanza kufunga mizigo ya safari, wote hao, wa mbwa na wa kamera, walipita mmoja mmoja kwa Mama Pasi kumwachia ufunguo na beseni la nguo safi.

Ndiyo, safi. Mama Pasi alikuwa dobi wa kutajwa, anayenyoosha shati mpaka mwenyewe aogope kulivaa, lakini nguo za sikukuu hazikuwa za kufuliwa. Zilikuwa za kuanikwa tu. Asubuhi alizilowesha akaziweka kwenye kamba za wenyewe, gauni la mama, kaptula za watoto, taulo mbili tatu, na jua likianza kulegea akazianua, ili mpita njia mwenye jicho baya aone nyumba yenye watu. Wala hakuwa mtu wa kulipua kazi. Nguo ya jana haikuanikwa leo. Soksi moja aliiangusha chini makusudi, kwa sababu nyumba yenye watoto haikosi soksi iliyoanguka. Vizingiti alivimwagia maji akavifagia, mapazia akayafungua huku na kuyafunga kule, na kwa wenye redio aliwasha redio, tena alijua kila nyumba inasikiliza nini.

"Mwizi si mjinga," alipenda kusema. "Anaisoma nyumba kama mimi ninavyosoma kola ya shati. Sasa mimi namwekea cha kusoma."

Alijivuna? Alijivuna sana, na kwa nini asijivune? Mtaa wa pili, sikukuu iliyopita, wezi walibeba televisheni, mtungi wa gesi, magodoro na hata mapazia. Mbwa walimwacha. Alikutwa amelala kivulini na mfupa mpya. Mtaa wa Mama Pasi haukupoteza hata kibanio cha nguo.

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nondo za madirisha ya mtaa ule na mageti yake yote yalitoka mikononi mwake, na mwenyewe ndiye aliyekiri, siku moja akinywa chai: "Mke wangu, chuma kinamchelewesha mwizi. Anayemrudisha ni mtu." Kauli hiyo Mama Pasi aliichukua, akaifanyia kazi, na baada ya miaka mingi alikuwa akiisema kana kwamba ni yake. Mume hakuwapo tena wa kumdai.

Mwaka huo Nesi naye alileta ufunguo wake. Binti huyu aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya pembeni, zamu yake ya usiku ilijulikana na kila mwenye miguu, na harusi yake ilikuwa mbioni. Alitaka kwenda kumwona mama yake kabla hajaolewa. Mama Pasi alikuwa na deni naye, na deni lenyewe si la fedha. Marehemu alipougua, Nesi alikuwa akitoka kazini hoi, macho mekundu, na bado anapita kumgeuza mgonjwa, kumbadilishia shuka na kumtania mpaka acheke. Mambo hayo mtu hayasahau.

"Sikiliza, mwanangu," Mama Pasi alimwambia akipokea ufunguo. "Usimwambie mtu kuwa unasafiri. Wala picha usipige ukaziweka kwenye simu, mara niko stendi, mara niko kwa mama. Picha utaweka ukisharudi."

"Nimekuelewa, mama. Kinga ni bora kuliko tiba, si ndiyo tunavyowaimbia watu kila siku?" Nesi alicheka. "Nitamwambia mwenzangu tu."

"Naye afunge mdomo."

Mchumba wa Nesi aliapa, na alikuwa mwanamume ambaye akipewa siri anawaficha hata watu wa kwao. Kumbuka hilo, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Nesi alipoondoka, Mama Pasi alilitazama beseni lake akatikisa kichwa. Gauni dogo, blauzi ndogo, sare nyeupe. Nguo hizo zikianikwa zingetangaza kwa sauti kuwa humu kuna mwanamke mmoja, tena mwembamba. Akarudi kwake, akafungua kabati, akatoa ovaroli ya marehemu na buti zake.

Buti zile zilikuwa habari nyingine. Marehemu alikuwa na miguu ambayo wauza viatu walikuwa wakiitana kuja kuitazama. Ngozi ya buti hizo ilikuwa na madoadoa ya cheche, na mbele zilikuwa na chuma. Kila jioni alizivua mlangoni, na mkewe alimwambia, "Pole na kazi, baba," naye akajibu, "Nimeshapoa." Siku moja alizivua akiwa na homa, na hakuzivaa tena. Tangu hapo Mama Pasi hakuwa na mtu wa kumpa pole, na hilo lilimuuma kuliko kitanda kitupu, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Basi akaziweka buti mlangoni kwa Nesi, ncha zikitazama ndani kama za mtu aliyeingia sasa hivi, na ovaroli akaianika mbele ya nyumba ikidondosha maji. Akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi yake. Nyumba ya binti mwembamba ilikuwa imepata mwanamume wa kutisha. Akatabasamu.

Alasiri moja alikuwa anafagia kizingiti cha Nesi, gari la kukodi likasimama. Akashuka mwanamke wa heshima zake, mnene, gauni la kudariziwa, mkoba wa ngozi kwapani na kapu lililofunikwa kitambaa. Mama Pasi akaukamata ufagio kwa mikono miwili. Kabla mtaa wa pili haujavunjwa, alipita mwanamke wa sampuli hiyohiyo, amevaa vizuri, kapu mkononi, akiuliza fulani yupo, fulani hayupo.

"Hodi hapa," mwanamke akasema.

"Karibu," Mama Pasi akajibu, akasimama katikati ya mlango na ufagio wake.

"Nesi yupo? Mimi ni shangazi yake mchumba wake."

Kila mtu ni shangazi wa mtu, Mama Pasi akajisemea moyoni. "Yupo. Amepumzika."

"Hebu niamshie, mama. Nimetoka mbali, na huyu ni mkwe wangu."

"Haamshwi. Ametoka zamu."

Macho ya mgeni yakashuka mpaka kwenye buti, yakapanda mpaka kwenye ovaroli, yakarudi tena kwenye buti. "Na hivi viatu?"

"Vina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye nyumba. Naye yumo humo ndani, na ni mtu wa hasira. Akiamshwa vibaya hata mimi nakimbia."

Mgeni alivuta pumzi. "Kwa hiyo wamepumzika."

"Wamepumzika."

"Wote wawili."

"Wote wawili," Mama Pasi akakazia, akijipongeza kwa jinsi maneno yalivyokaa.

Mwanamke akalibeba kapu lake, akaingia garini bila kuaga. Mama Pasi alilitazama gari mpaka likapinda kona, kisha akavuka barabara kwa kinyozi, ambaye alikuwa ameona yote kupitia kioo chake.

"Umemwona yule? Mpelelezi wao. Nimemtimua kwa maneno matupu."

"Mama Pasi," kinyozi akasema, mkasi hewani, "wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa jenerali."

Jioni simu ikalia. Alikuwa Nesi, na mwanzoni hakukuwa na maneno, kilio tu.

"Mama, umewaambia nini? Shangazi amekusanya ukoo mzima. Anasema ameona kwa macho yake nguo za mwanaume na viatu vya mwanaume, na mama mmoja wa makamo amemwambia nimelala ndani na mwenye nyumba."

Mama Pasi akakaa kitako kwenye beseni lililogeuzwa.

"Mwenzangu amewaambia nimesafiri," Nesi akaendelea, "wamemjibu, kama amesafiri, nani alikuwa ndani? Wanasema harusi basi. Mama, hata mimi sijui hizo buti ni za nani!"

"Ni za baba yako," Mama Pasi akasema taratibu. Nesi alikuwa akimwita marehemu baba. Upande wa pili kilio kikabadilika kidogo. "Nyamaza, mwanangu. Nielekeze kwao. Mimi ndiye niliyesema, na mimi ndiye nitakayesema tena."

Usingizi haukumjia. Alijiuliza kama alikosea, akageuza swali huku na huku kama shati kwenye meza ya pasi, na kila alipoligeuza aliona kazi yake haikuwa na kosa. Angemwambia mgeni asiyemjua kuwa nyumba ni tupu? Hapana. Lakini binti aliyemgeuza mumewe kitandani alikuwa analia, na hilo nalo lilikuwa kweli. Mtu anaweza kuwa sahihi na bado akawa ameharibu.

Asubuhi akavaa gauni lake la kutokea, akaanika ovaroli nyingine ya marehemu, mbichi, kwa Nesi ili nyumba isikae uchi, akatia buti kwenye mfuko, akaenda.

Nyumba ya shangazi ilikuwa kubwa, ua wa mchanga mbele, geti wazi, mlango wazi, pazia linapeperuka. Mama Pasi akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena mpaka koo likamkauka. Ukumbini televisheni ilikuwa inajisemea peke yake, simu inachajiwa dirishani, na kitini umekaa ule mkoba wa ngozi. Kutoka uani nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya shangazi: "Buti kubwa hivi! Hata ukitia watoto wawili wanaenea!"

Uvumilivu ukamwisha. Akachukua mkoba, akachomoa simu, akapita kwenye korido mpaka uani.

"Hodi wenyewe."

Waligeuka wote. Shangazi alikuwa amesimama, mikono bado inaonyesha ukubwa wa buti. Kaka yake, baba wa mchumba, alikuwa kitini, uso umekunjamana, na mchumba mwenyewe kainama kama aliyenyeshewa.

"Huyu hapa! Ndiye huyu!" shangazi akapiga kelele. "Na huo... huo si mkoba wangu?"

"Ni wako, dada. Na simu hii ni ya nani?"

Baba mtu akajipapasa mfukoni. "Yangu."

"Nimeingia kwa mlango wa mbele. Ningekuwa mwizi, saa hizi ningekuwa nimerudi mara ya pili kuchukua televisheni." Akawakabidhi vitu vyao. Mchumba akacheka, shangazi akamtazama, naye akakiua kicheko katikati.

"Usituletee visa," shangazi akasema. "Jana ulisema nini?"

"Nilisema uongo," Mama Pasi akajibu, kichwa juu. "Nyumba ilikuwa tupu. Nesi yuko kwa mama yake, na mimi ndiye niliyemkataza asimwambie mtu. Wewe ulikuja na gauni zuri na maneno mazuri, na wezi wa mtaa wa pili walitanguliwa na mwanamke wa gauni zuri na maneno mazuri. Angekuja hata mkuu wa polisi bila ya mimi kumjua, ningemwambia wenyewe wamelala. Nilidanganya kulinda nyumba, na kwa kazi hiyo kesho nitadanganya tena. Ila uongo wangu nimeutuma kwa wezi. Sikuutuma ukamvunjie mtoto wa watu ndoa yake, ndiyo maana nimekuja kuurudisha."

"Maneno hayo mtu anayatunga njiani. Buti ni za nani?"

"Za mume wangu."

"Aje aseme mwenyewe."

"Amefariki."

Baba mtu akakohoa. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kulainika kwa haraka, na kusema kweli Mama Pasi alianza kumpenda kwa hilo. "Pole, mama," akasema. "Lakini buti za mtumba ziko tele sokoni, na yeyote anaweza kusema ni za marehemu."

Mama Pasi akazitoa mfukoni, akaziweka juu ya meza katikati ya vikombe vya chai. Akavuta pumzi. Hili hakuwa amelipanga. "Tia mkono humo ndani. Mpaka mwisho."

Shangazi akamtazama, akaingiza mkono wake wenye bangili, akapapasa, akatoa kitu kilichokunjamana. Ilikuwa soksi ya kijivu, ngumu kama gome, imetiwa kiraka cha uzi mwekundu kidoleni.

"Alikuwa akivua soksi anaisukuma mbele kabisa ya buti," Mama Pasi akasema. "Kila siku. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Hiyo ni ya siku yake ya mwisho kazini. Mimi ni dobi, dada. Nimefua nguo za mtaa mzima, nimefua za maharusi na za misiba. Hiyo ndiyo nguo pekee ambayo sijaifua. Mguu wa mwanamume mwingine ungeingia humo, ungeikuta soksi hiyo mahali pake?"

Shangazi alipitisha kidole juu ya ule uzi mwekundu. Kisha akaikunja vilevile ilivyokuwa, akairudisha, akaisukuma taratibu mpaka mbele kabisa ilikotoka, na alipoutoa mkono wake macho yalikuwa yamejaa.

"Nisamehe, dada," akasema.

"Wa kuombwa msamaha ni binti."

"Lakini mkwe gani huyu," baba mtu akanung'unika, akitafuta pa kuishikia heshima yake, "anasafiri hata sisi hatujui?"

"Mkwe anayejua kufunga mlango na kufunga mdomo. Mtampata wapi mwingine?"

Mzee akamtazama mwanawe. "Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi, kabla shangazi yako hajabadili nia."

"Nibadili nia gani?" shangazi akawaka. "Lete hiyo simu, nitazungumza naye mimi!"

Chai ikamiminwa upya. Mama Pasi alipokuwa anaaga, buti zake mfukoni, akasimama mlangoni akautazama ua, geti na madirisha. "Kadi za harusi mmeshasambaza?"

"Mji mzima," shangazi akasema kwa majivuno.

"Zina siku na saa?"

"Kadi gani haina siku na saa?"

"Basi mmeshautangazia mji mzima ni saa ngapi nyumba hii itakuwa haina mtu."

Shangazi akarudi nyuma akakaa.

Siku ya harusi gari lilimfuata Mama Pasi asubuhi na mapema, na shangazi mwenyewe ndiye aliyezibeba buti, mapajani, njia nzima, gauni lake jipya likiwa chini ya vumbi lake. Pale nyumbani kwa shangazi Mama Pasi alifanya kazi yake kama kawaida. Ovaroli juu ya kamba, redio ndani, pazia moja wazi. Mchanga wa ua akaumwagia maji akaufagia mpaka ukalala laini. Mwisho akaweka buti mlangoni, ncha zikitazama ndani. Kisha akanawa, akavaa, akaenda kukaa pale alipowekwa, safu ya mbele, upande wa wazazi wa bibi harusi, karibu na mama yake Nesi. Nesi alipopita alimwinamia, na Mama Pasi akamnyooshea mkunjo mdogo begani, kwa sababu mikono ya dobi haikai bure.

Walirudi jua likiwa linazama, wageni, vicheko na mabaki ya keki. Getini Mama Pasi akanyoosha mkono kuwazuia wote.

Mchanga ulikuwa na nyayo. Za kandambili, za watu wawili. Ziliingia getini, zikaja zimeachana, zikakaribiana, zikafika katikati ya ua, mahali ambapo mtu anaanza kuuona mlango vizuri. Hapo zilikuwa zimekanyagana. Kisha ziligeuka zikarudi zilikotoka, kwa hatua ndefu, na kandambili moja ilikuwa imebaki getini, mkanda umekatika.

Walitazama, wakaelewa. Mlango ulikuwa umefungwa kama ulivyoachwa, redio inaimba ndani, na buti zimekaa mahali pake, kubwa, na vumbi jembamba juu ya ngozi.

Shangazi akavuka ua, akipita pembeni ili asizikanyage zile nyayo. Akafika mlangoni, akainama kwa taabu na gauni lake la kubana, mbele ya ukoo mzima na wakwe zake, akazigusa buti zile kwa mikono miwili.

"Pole na kazi, baba," akasema.

Mama Pasi alikuwa nyuma yake. Kifua kilimjaa fahari ya mume na ya kazi mpaka alidhani vifungo vya gauni vitakatika. Tangu afariki, hakuna aliyekuwa amempa pole mumewe. Akasogea, akamjibia.

"Ameshapoa."